Kuua mwani ni nusu tu ya kazi ya kusafisha bwawa

MAJI ya bwawa la kuogelea yakigeuka kijani, wenye mabwawa wengi hujua la kufanya: hununua klorini, huitia majini na kusubiri. Siku mbili baadaye kijani hutoweka, lakini bwawa halirudi kuwa safi. Hubakia maji meupe kama tui jepesi, sakafu haionekani, na lawama humwendea aliyeuza dawa kwamba ilikuwa bandia.

Mara nyingi dawa hiyo huwa imefanya kazi yake barabara. Weupe ule ni mwani uliokufa: chembechembe ndogo mno zisizoweza kuonekana moja moja kwa macho, ambazo bado zinaelea kwa sababu hakuna aliyeziondoa. Klorini huua lakini haizoi. Kuondoa mabaki ni kazi ya pili, yenye zana zake na subira yake, nayo ndiyo huwashinda wengi.

Katika mtaa wa Kinoru mjini Meru, kazi hiyo ina ugumu wake wa kipekee. Mtaa huo, unaofahamika zaidi kwa uwanja wake wa michezo, uko kwenye miteremko ya kaskazini mashariki mwa Mlima Kenya, karibu kabisa na mstari wa ikweta, katika kimo cha takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Kimo hicho huleta baridi na mawingu kati ya Juni na Agosti, majira ambayo ni wachache wanaotamani kuogelea nje. Mwenye bwawa anaweza kushawishika kuzima pampu ili aokoe stima, na klorini ikasahaulika ghalani.

Jua linaporejea mwezi Septemba, maji yaliyotulia huwa shamba lililokwisha kulimwa. Kisha huja mvua ya Oktoba hadi Desemba, ambayo upande huu wa mlima huwa nzito, ikiteremsha udongo mwekundu wa volkano, majani ya miti na mbolea iliyonyunyizwa kwenye migomba na mboga za jirani. Mwani hula fosfati na nitrati zile zile zinazolishwa mahindi. Gunia la mbolea lililofunguliwa mita chache juu ya bwawa lisilo na ukingo ulioinuka ni chakula cha mwani cha msimu mzima.

<b>Asimwage maji</b>

Wazo la kwanza la aliyekata tamaa ni kumwaga maji yote na kuanza upya. Ni wazo ghali, na wakati mwingine ni la hatari.

Chukua bwawa la kawaida la nyumbani lenye urefu wa mita 8, upana wa mita 4 na kina cha wastani cha mita 1.5. Ukizidisha vipimo hivyo unapata mita 48 za ujazo, yaani lita 48,000. Hayo ni mitungi 2,400 ya lita 20. Maji hayo yatalipiwa kwa mita ya kampuni ya maji, au yataletwa kwa malori, ilhali yaliyomo bwawani yanaweza kusafishwa kwa sehemu ndogo ya gharama hiyo.

Hatari yenyewe iko chini ya sakafu. Maji ya ujazo huo yana uzito wa tani 48, na uzito huo ndio unaolishikilia bwawa ardhini. Wakati wa mvua, udongo unaolizunguka hujaa maji na kulisukuma kutoka chini. Bwawa likiwa tupu, sakafu inaweza kupasuka au kuinuka, na kuirekebisha ni sawa na kujenga upya. Atakayelazimika kumwaga asubiri kiangazi.

Kuna hali moja inayohalalisha kumwaga sehemu ya maji. Vidonge vya klorini vinavyoyeyuka polepole huwa na asidi ya sayanuriki, kemikali inayoikinga klorini isiharibiwe na jua. Kiasi cha miligramu 30 hadi 50 kwa kila lita ni kizuri, hasa katika ikweta ambako jua la mchana laweza kumaliza klorini isiyokingwa kwa saa chache. Lakini kinga hiyo haipungui yenyewe kwa haraka. Anayetumia vidonge miaka nenda miaka rudi bila kubadilisha maji hujikuta na miligramu 100 au zaidi, na hapo kinga hugeuka kuwa pingu: klorini ipo, kipimo kinaionyesha, lakini imefungwa mikono. Dawa ya hali hiyo ni kupunguza maji na kuongeza mengine safi.

<b>Kwanza, afunge lango</b>

Kabla ya kipimo chochote, liko jambo lisilosubiri. Bwawa ambalo sakafu yake haionekani lisiingiwe na mtu, awe mtoto au mtu mzima ajuaye kuogelea, na lango lake lifungwe.

Mwezi Juni 2011, katika mji wa Fall River, jimbo la Massachusetts nchini Marekani, mwanamke mmoja alizama katika bwawa la umma lililokuwa na maji yenye ukungu. Mwili wake haukupatikana hadi baada ya siku mbili. Katika muda huo bwawa liliendelea kuwa wazi, watu wakiogelea juu yake bila kujua. Wahudumu wa uokoaji walikuwepo. Kilichokosekana ni maji ambayo macho yangeweza kuyapenya.

Shirika la Afya Duniani (WHO), katika ripoti yake iliyotolewa Desemba 2024, lilikadiria kuwa watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na takriban robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Bwawa la nyuma ya nyumba halina mlinzi wala filimbi. Mtoto aliyeteleza katika maji safi huonekana na aliye dirishani; katika maji meupe haonekani hata na aliyesimama ukingoni.

<b>Kuua</b>

Kazi huanza kwa wavu wenye mpini mrefu. Majani, matunda yaliyooza na vijiti vyote vitolewe kutoka ukingoni, kwa sababu kila jani lililobaki litakula klorini iliyokusudiwa mwani. Wengi huruka hatua hii kwa kuwa ni chafu na inachosha, kisha hushangaa dawa ya kilo tatu ikiisha bila matokeo.

Pili ni kupima uasidi, yaani kiwango cha pH. Klorini ni mtumishi anayechagua mazingira. Katika pH ya 7.2, karibu theluthi mbili yake huwa katika umbo lenye nguvu ya kuua. pH ikipanda hadi 8, kiasi hicho hushuka hadi karibu robo. Basi anayetia klorini katika maji yenye pH ya juu hutupa zaidi ya nusu ya fedha zake. Kiwango kinachotakiwa kabla ya kuanza ni kati ya 7.2 na 7.4.

Kushusha pH hutumiwa asidi maalumu ya mabwawa. Kuipandisha hutumiwa magadi yaliyosafishwa kiwandani, bidhaa ambayo Kenya haina haja ya kuitafuta mbali, maana Ziwa Magadi katika Kaunti ya Kajiado limekuwa likichimbwa kibiashara tangu kampuni ya Magadi Soda ilipoundwa mwaka 1911. Magadi ghafi ya sokoni, yale yanayolainisha githeri, hayafai: yana tope na chumvi nyingine zitakazoongeza ukungu ule ule unaopigwa vita.

Baada ya hapo ndipo klorini hutiwa, tena jioni, jua likiwa limezama. Hesabu yake ni rahisi. Kuongeza miligramu moja kwa kila lita kunahitaji gramu moja ya klorini halisi katika kila mita ya ujazo. Bwawa la mita 48 linalohitaji kupandishwa kwa miligramu 10 litahitaji gramu 480 za klorini halisi. Unga mweupe wa kalisi hipokloraiti unaouzwa madukani kwa kawaida una nguvu ya asilimia 65 hivi, kwa hiyo kipimo chake ni takriban gramu 740. Bwawa lenye kinga ya sayanuriki ya miligramu 40 litahitaji zaidi, kufikia miligramu 16 kwa lita. Dawa ya kufulia ya chupani ni klorini pia, ila nguvu yake ni ya asilimia chache tu, na chupa zitakazohitajika zitajaza toroli.

Unga huo huyeyushwa kwanza katika ndoo ya plastiki. Maji hutangulia ndooni, dawa hufuata. Kinyume chake dawa inaweza kuchemka na kumrukia mtu usoni. Ndoo isiwe na mabaki ya asidi wala ya klorini ya aina nyingine. Klorini ikikutana na asidi hutoa gesi, gesi ile ile iliyotumiwa kama silaha huko Ypres, Ubelgiji, mwezi Aprili 1915. Nao unga wa kalisi ukichanganywa na vidonge vya sayanuriki katika chombo kimoja waweza kuwaka moto au kulipuka. Kufunga kopo na kulihifadhi jikoni karibu na jiko la gesi, jambo linaloonekana katika nyumba zisizo na ghala, ni kualika balaa.

Dawa ikishaingia, kuta na sakafu zisuguliwe kwa burashi ya nailoni, maana mwani ulioshika ukutani huwa na ute unaoukinga. Pampu iachwe ikizunguka usiku na mchana. Asubuhi klorini ipimwe tena; ikiwa imeshuka sana, iongezwe irudi pale pale. Hapo ndipo watu hukosea: hutia dawa nyingi siku moja kisha hupumzika siku tatu, na mwani uliosalia hutumia siku hizo tatu kuzaana.

Yapo pia makosa ya kuchanganya dawa zinazopingana. Katika Michezo ya Olimpiki ya Rio de Janeiro mwaka 2016, bwawa la kupiga mbizi liligeuka kijani mbele ya kamera za dunia nzima. Waandaaji walieleza baadaye kuwa mwanakandarasi alikuwa ametia haidrojeni peroksaidi, kemikali inayobatilisha klorini. Klorini ilionekana katika vipimo lakini haikuwa na nguvu. Ikiwa hayo yaliwapata wataalamu wa Olimpiki, mwenye nyumba asione haya kusoma kibandiko mara mbili.

Katika nchi ya kahawa kama Meru, si ajabu mtu kupendekeza mrututu, ile chumvi ya samawati ya shaba. Wakulima wameyajua madawa ya shaba kwa miaka mingi katika vita vyao dhidi ya magonjwa ya mikahawa, na ni kweli kwamba shaba huua mwani. Lakini haiondoki majini. Hutia madoa ukutani, hugeuza nywele zenye rangi nyepesi kuwa za kijani, na maji yake yakifika mtoni huua samaki kwa kiasi kidogo sana. Kwa bwawa la nyumbani klorini inatosha.

Mwani umekufa lini? Rangi si shahidi wa kutegemewa, kwa kuwa maji huacha kuwa kijani kabla ya chembe zote kufa. Kipimo cha uhakika ni cha usiku mmoja. Klorini hupimwa jua likishazama, na hupimwa tena alfajiri kabla halijachomoza. Usiku hakuna jua la kuiharibu, hivyo ikipungua kwa zaidi ya miligramu moja kwa lita, bado kuna kitu hai, au kinachooza, kinachoila. Ikipungua chini ya hapo, mauaji yamekwisha.

<b>Kuondoa mabaki</b>

Hapa ndipo maji huwa meupe na mwenyewe huwa amechoka. Jambo la busara kabla ya kununua chochote ni kujua weupe huo ni wa nini, kwa kuwa si kila ukungu ni mwani.

Achukue maji hayo katika chupa ya kioo na kuyaacha mezani usiku kucha. Yakituama na kuacha mashapo ya kijivu au kijanikijani chini, hayo ni mabaki ya mwani. Ikiwa hayakutuama na yana wekundu wa mbali, huo ni udongo wa mfinyanzi ulioletwa na mvua. Chembe zake ni nyepesi na husukumana zenyewe kwa zenyewe, ndiyo maana zaweza kuelea kwa majuma. Akitia siki kidogo na maji yakang'aa papo hapo, ukungu ni chokaa iliyojitenga kwa sababu pH imepanda mno, na dawa yake ni kuishusha pH tu. Kinoru baada ya mvua ya Novemba, jibu laweza kuwa mwani na udongo kwa pamoja.

Chujio la mchanga, ambalo ndilo la kawaida katika mabwawa ya nyumbani, hunasa vitu vyenye ukubwa wa kuanzia mikroni 20 hadi 40. Unywele wa binadamu una takriban mikroni 70. Chembe ya mwani wa kijani huweza kuwa na mikroni 5 au 10 tu, kwa hiyo hupita katikati ya punje za mchanga kama mbuzi apitavyo katika ua wa ng'ombe, na kurudi bwawani kupitia bomba la upande wa pili. Pampu inazunguka, stima inaliwa, na maji hayabadiliki.

Hata hivyo chujio halikosi msaada. Uchafu unaonaswa hupunguza nafasi kati ya punje, na mchanga wenye uchafu kiasi huchuja vizuri kuliko ule uliooshwa sasa hivi. Hii ndiyo sababu kuosha chujio kila saa, kwa nia njema, huchelewesha kazi. Mwongozo ni geji ya presha: iandikwe presha ya chujio likiwa safi, na mchanga uoshwe kwa kugeuza mkondo pale tu geji inapopanda kwa pauni 8 hadi 10 juu ya hapo. Kwa njia hii, bila dawa nyingine, bwawa lenye mabaki ya mwani hung'aa katika muda wa siku nne hadi juma moja. Mwenye subira na chujio zima hahitaji zaidi. Mchanga uliokaa miaka mingi bila kubadilishwa, ukashikamana kama saruji na kufanya mifereji, hauwezi kazi hiyo hata ukipewa mwezi.

Asiye na juma moja, au ambaye tatizo lake ni udongo mwekundu, hutumia shabu.

Shabu si kitu kigeni. Vinyozi huisugua kidevuni kukomesha damu, na mitambo ya maji ya miji hutumia jamaa yake, alumini salfeti, kutuliza tope la mito. Hiyo ya mitambo ndiyo inayofaa bwawani, nayo huuzwa ikiwa unga au vipande vyeupe. Kazi yake ni kuvunja ule msukumano wa chembechembe. Zikiisha kupoteza nguvu ya kukimbiana, hushikamana zikawa mabonge laini kama pamba iliyolowa, mabonge huwa mazito, na mazito huzama.

Kipimo cha kawaida ni gramu 50 kwa kila mita ya ujazo, yaani takriban kilo 2.4 kwa bwawa la mfano wetu. Shabu hufanya kazi vyema pH ikiwa karibu na 7, nayo hula ualkali wa maji kadiri inavyofanya kazi: kwa kipimo hicho, ualkali hushuka kwa miligramu 25 hivi kwa lita. Maji ambayo ualkali wake tayari uko chini yaongezwe kwanza soda ya kuokea mikate, la sivyo pH itaporomoka na kuanza kula saruji na vyuma.

Shabu iliyoyeyushwa humiminwa kuzunguka bwawa lote jioni. Valvu ya chujio huwekwa kwenye mkao wa kuzungusha maji bila kupitia mchangani, kwa sababu mabonge ya shabu yakiingia mchangani huyaziba yale yote chujio linategemea. Pampu huzunguka saa mbili, kisha huzimwa. Kuanzia hapo hakuna la kufanya isipokuwa kusubiri saa 12 hadi 24. Burashi isiguse maji, mbwa asiruhusiwe kuruka ndani, na mvua ikinyesha usiku huo, kazi inaweza kulazimika kurudiwa.

Asubuhi yake maji ya juu huwa ya kioo, na chini hutandazwa blanketi la kijivu. Hilo blanketi ndilo lililokuwa ukungu. Ni jepesi mno. Mkono ukipita karibu nalo huinuka kama vumbi.

Kulitoa ni kazi ya polepole. Kichwa cha kunyonyea huunganishwa kwa paipu hadi kwenye pampu, valvu huwekwa kwenye mkao wa kumwaga nje, si wa kuchuja, na kichwa husukumwa sakafuni taratibu, mstari kwa mstari, kama anayelima matuta. Anayeharakisha hulitibua blanketi na kulazimika kuacha hadi kesho. Anayenyonya huku valvu ikiwa kwenye mkao wa kuchuja huyapeleka mabaki mchangani, na nusu yake hurudi bwawani dakika hiyo hiyo. Kosa hili la valvu pekee hufuta kazi ya siku nne.

Maji yatapotea katika hatua hii. Kila sentimita moja inayoshuka katika bwawa la mita 8 kwa 4 ni lita 320, na kunyonya kwa makini hushusha sentimita 10 hivi, yaani lita 3,200. Ni mitungi 160. Yafaa mpira wa maji safi uwe ukijaza polepole upande wa pili, ili kina kisishuke chini ya mdomo wa pampu na pampu isivute hewa.

Wako wanaouliza kuhusu mbegu za mlonge, ambazo zikisagwa hutuliza tope katika ndoo ya maji ya kunywa kwa kanuni inayofanana na ya shabu. Protini zake kweli hukusanya chembechembe. Lakini mlonge huacha majini mabaki ya mimea, na katika bwawa mabaki hayo ni chakula kipya na mzigo mpya kwa klorini. Ulipo ndoo, mlonge ni hazina. Katika lita 48,000, la.

<b>Yanakokwenda maji machafu</b>

Mitaro ya mji wa Meru hatimaye huelekea kwenye mito, na Mto Kathita hupeleka maji yake hadi Mto Tana. Klorini iliyo juu huua samaki na wadudu wa majini, na Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999 inakataza kuchafua vyanzo vya maji. Maji yaliyonyonywa yaelekezwe kwenye shimo la kunywea maji au nyasi zilizo ndani ya kiwanja chenyewe. Heri kazi hii ifanywe klorini ikiwa imeshuka, baada ya siku moja au mbili za jua. Migomba hustahimili maji hayo yakiwa yametulia, lakini miche michanga ya sukuma wiki hunyauka.

<b>Kurudi majini</b>

Bwawa likishang'aa, kinga yake ni ya kila siku na si ya kishujaa: klorini kati ya miligramu 1 na 3 kwa lita, pH kati ya 7.2 na 7.8, pampu izunguke muda wa kutosha kupitisha maji yote angalau mara moja kwa siku. Msimu wa baridi haufuti wajibu huo, huupunguza tu. Saa chache za pampu mwezi Julai na kipimo kimoja kila juma hugharimu kidogo kuliko kilo za dawa mwezi Septemba. Mfereji mdogo upande wa juu wa bwawa, unaokatiza maji ya mvua kabla hayajafika ukingoni, huondoa udongo na mbolea kwa pamoja. Ajabu ni jinsi mabwawa mengi yanavyojengwa kwa marumaru ya bei na bila mfereji huo.

Nani aamue kwamba maji ni salama kuingiwa? Vipimo vya klorini na pH ni sharti, na havitoshi. Kanuni inayotumiwa na wasimamizi wa mabwawa ni kwamba wavu wa tundu la kutolea maji, lililo sakafuni penye kina kirefu kuliko kote, uonekane wazi na mtu aliyesimama ukingoni, matundu yake yakiweza kubainishwa.

Kwa bwawa lisilo na tundu la chini, sarafu inatosha. Zile zilizozinduliwa Desemba 2018 zina wanyama upande mmoja na nembo ya taifa upande wa pili. Shilingi 20 itupwe penye kina kirefu, na maji yaachwe yatulie. Ikiwa aliye ukingoni anaiona sarafu lakini hawezi kusema kama aliyelala juu ni ndovu au nembo, chujio liendelee kuzunguka usiku mmoja zaidi na lango libakie limefungwa.